Alan Blumlein: Fundi aliyefukuza mvumo kwenye spika

Washa sabufa yako usiku mtaa ukiwa umetulia. Usicheze wimbo wowote. Sogeza sikio karibu na spika utasikia kitu: mvumo mzito wa chini kwa chini, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Huo ni mlio wa stima yenyewe. Umeme unaoingia nyumbani hapa Kenya huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na spika ikipata nafasi kidogo tu, inaimba mwendo huo.

Wengi hulalamika kwamba mvumo upo. La kushangaza hasa ni kwamba ni mdogo hivyo. Fikiria: amplifaya kazi yake ni kuchukua ishara dhaifu na kuifanya kubwa mara nyingi. Keja yako imezungukwa na nyaya za stima ukutani, chaja, balbu, friji ya jirani. Vyote hivyo vinamwaga takataka zao hewani na kwenye nyaya. Kwa hesabu ya kawaida ungepaswa kusikia kelele tupu.

Sababu moja kubwa ya kutosikia kelele hizo ni kwamba mlangoni pa amplifaya nyingi za leo, hata zile zinazotumia chipu ndogo ya bei rahisi, kuna transista mbili zinazofanya kazi kama mapacha. Mpango huo umekuwapo tangu miaka ya 1930, na hataza ya kwanza inayouonyesha waziwazi iliandikwa na Mwingereza mmoja kwa jina Alan Dower Blumlein. Ndiye huyo huyo aliyetupa stereo. Alikufa akiwa na miaka 38, na serikali yake ikakificha kifo chake.

Blumlein alizaliwa Juni 29, 1903, mtaa wa Hampstead, kaskazini mwa London. Baba yake, Semmy, alikuwa mzaliwa wa Ujerumani aliyechukua uraia wa Uingereza. Mama yake, Jessie Dower, alikuwa binti wa mmishonari Mskoti aliyetumwa Afrika Kusini, na hilo jina la katikati la kijana lilitoka upande huo wa mama.

Familia yake ilipenda kusimulia kisa cha kengele ya mlango. Kengele iliharibika, Alan akiwa na miaka 7 akaitengeneza, kisha akamwandikia baba yake bili ya kazi hiyo, akijitambulisha humo kama mhandisi wa umeme. Familia hiyo hiyo pia ilisimulia kwamba hakuweza kusoma vizuri hadi alipofika miaka 12. Sasa bili iliandikwaje? Hadithi za nyumbani huwa hazikaguliwi sana. La maana ni kwamba vitabu vilimtatiza huku hesabu na nyaya zikimkubali kabisa. Ikiwa wewe ni wale walioambiwa shuleni kwamba hawatafika mbali kwa sababu ya kusoma pole pole, basi hapo una mwenzako.

Alisoma Highgate School, akapata ufadhili wa kuingia chuo cha uhandisi cha City and Guilds, London, na akamaliza na digrii ya daraja la kwanza. Mwaka 1924 akaajiriwa na International Western Electric, kampuni ya vifaa vya simu.

Hapa ndipo vita vyake na kelele vilipoanza. Simu za masafa marefu za wakati ule zilipita kwenye kebo nene zenye jozi nyingi za nyaya zilizobanana. Tatizo lilikuwa kwamba sauti ilikuwa inavuja. Unazungumza na shangazi yako, kumbe kwa mbali unasikia mtu mwingine akibishana na wakili wake. Kadiri kebo ilivyokuwa ndefu, ndivyo sauti yako ilivyodhoofika na ya jirani ilivyopenya. Mwaka 1926 Blumlein pamoja na mwenzake John Percy Johns walibuni koili za aina mpya za kuunganishwa kwenye laini hizo. Zilipunguza upotevu wa sauti na pia huo uvujaji. Ziliendelea kutumika hadi simu za mtindo wa zamani zilipoondolewa.

Wawili hao walibuni pia kifaa cha kupimia umeme ambacho baadaye kiliitwa daraja la Blumlein. Usiogope jina. Siri yake ni kulinganisha: badala ya kupima kitu kimoja peke yake, unaweka viwili pande mbili, kama mizani ya sokoni, na unaangalia tofauti tu. Shika hilo, kwa sababu jamaa huyu alilirudia maishani mwake mwote. Masikio mawili, nyaya mbili, vali mbili. Kila alipokwama, alitafuta pacha.

Kazi nyingine aliyofanya hapo ilikuwa kupima masikio ya watu, kujua yanasikia nini vizuri na nini vibaya. Sikio si mita. Mlio mzito sana hulifikia kwa udhaifu, huku mlio wa katikati ukilichoma. Blumlein alitumia vipimo hivyo kutengeneza saketi za kupima kelele kwa namna mtu anavyoisikia, si kwa namna mashine inavyoiona. Ndiyo maana fundi mzuri hakuulizi tu spika inapiga kelele kiasi gani. Anauliza ni kelele ya aina gani.

Mwaka 1929 aliacha kazi hiyo akaenda kampuni ya santuri ya Columbia, chini ya bosi aliyeitwa Isaac Shoenberg, mhamiaji kutoka Urusi. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa ya pesa. Mashine ya kuchonga santuri iliyokuwa bora wakati huo ilikuwa ya Western Electric, na Columbia ililazimika kulipa ada kubwa kuitumia. Blumlein aliambiwa atafute njia nyingine isiyogusa hataza ya wenyewe. Yaani kijana aliyelelewa kikazi na kundi la kampuni hiyo sasa alitakiwa kuizunguka. Akafanya hivyo. Yeye na wenzake, wakiwemo Herbert Holman na Henry Clark, walitengeneza kichwa cha kuchongea chenye koili inayotembea ndani ya sumaku. Ada ikakwepwa, na juu ya hapo sauti ikawa safi kuliko ile ya mwanzo.

Mwaka 1931 Columbia iliungana na kampuni ya Gramophone, ikazaliwa EMI, yenye maabara kule Hayes, magharibi mwa London. Mwaka huo huo Blumlein alienda sinema na mchumba wake, Doreen Lane, mwalimu wa shule aliyemuoa mwaka 1933.

Filamu zenye sauti zilikuwa bado ngeni. Sauti yote ilitoka sehemu moja. Mwigizaji akiwa upande wa kushoto wa pazia, sauti inatoka pale pale. Akivuka kwenda kulia, sauti inabaki. Wengi walifurahia tu kwamba picha sasa inaongea. Blumlein alikerwa. Alimweleza Doreen kwamba alikuwa na njia ya kuifanya sauti imfuate mtu anapotembea.

Desemba 14, 1931 aliwasilisha ombi la hataza. Hati hiyo, nambari 394,325, ina madai 70, na ukiisoma leo unashindwa kuelewa mtu mmoja alipata wapi muda wa kuyafikiria yote hayo. Alieleza jinsi masikio mawili yanavyotambua upande sauti inakotoka kwa kulinganisha tofauti ndogo kati yake. Alieleza jinsi ya kuweka maikrofoni mbili mahali pamoja, moja ikielekea kushoto na nyingine kulia. Alieleza jinsi ya kuchonga mfereji mmoja wa santuri wenye umbo la V, ukuta mmoja ukibeba sauti ya kushoto na mwingine ya kulia. Alieleza pia saketi ya kujumlisha ishara mbili na kutoa moja kutoka kwa nyingine ili kurekebisha upana wa sauti. Neno stereo hakulitumia. Yeye aliiita sauti ya masikio mawili.

Januari 1934 alichukua mitambo yake hadi studio za Abbey Road, ambazo wakati huo zilikuwa na miaka miwili na kitu tu tangu kufunguliwa, akarekodi okestra ikicheza Mozart chini ya uongozi wa Thomas Beecham. Mwaka 1935 timu yake ilitengeneza filamu fupi za majaribio. Moja inaonyesha treni zikipita stesheni ya Hayes. Nyingine inaonyesha watu wakitembea jukwaani na kuzungumza, hakuna hadithi, hakuna nyota wa sinema.

Halafu? Halafu hakuna. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, watu hawakuwa na pesa za santuri za kawaida, sembuse kununua mashine mpya yenye spika mbili. EMI iliweka stereo kabatini. Mimi naona huo ulikuwa uamuzi wa kibiashara unaoeleweka, lakini matokeo yake ni kwamba dunia ilisubiri zaidi ya miaka 20 kupata kitu ambacho tayari kilikuwa kinafanya kazi. Blumlein mwenyewe alihamishiwa runinga.

Na huko ndiko mvumo ulikomkuta tena.

BBC ilianza matangazo ya kawaida ya runinga Novemba 2, 1936 kutoka Alexandra Palace, jengo lililo juu ya kilima kaskazini mwa London. Mifumo miwili ilishindana kwa zamu: ule wa John Logie Baird wenye mistari 240, na ule wa Marconi-EMI wenye mistari 405, ambao Blumlein alichora sehemu kubwa ya saketi zake. Februari 1937 ule wa Baird ulitupwa nje. Lakini kamera za studio ni rahisi. Mtihani mkubwa ulikuwa Mei 12 mwaka huo: kutawazwa kwa Mfalme George wa Sita. Kamera ziliwekwa Hyde Park Corner, na picha ilipaswa kusafiri kwa kebo iliyozikwa chini ya barabara, zaidi ya kilomita 10, hadi Alexandra Palace.

Jiji la London chini ya barabara zake lilikuwa limejaa nyaya za umeme na treni za umeme. Kebo ndefu hivyo ni kama antena ya kukusanya takataka. Kwenye redio, mvumo unausikia. Kwenye runinga unauona: mistari mipana inayoelea juu ya uso wa mfalme.

Jawabu la Blumlein lilikuwa, tena, pacha. Badala ya waya mmoja kubeba picha, tumia mbili zilizo karibu karibu. Ishara ikipanda kwenye waya wa kwanza, kwenye wa pili inashuka. Mvumo wa jiji ukija, haujui hayo. Unaingia kwenye nyaya zote mbili sawasawa. Kisha mwisho wa kebo unaweka vali mbili zinazopokea, kila moja na waya wake, na zote zinachota umeme kupitia njia moja nyembamba ya pamoja chini yake. Waingereza waliita njia hiyo mkia mrefu, na mpango wote ukaitwa jozi yenye mkia mrefu.

Kwa nini inafanya kazi? Chukulia ndugu wawili wanaogawana pesa ambazo baba hataki kuziongeza hata senti. Wote wawili wakipiga kelele kwa pamoja wakitaka zaidi, hakuna kinachobadilika. Baba hana cha kuongeza. Lakini mmoja akitaka zaidi huku mwingine akitaka kidogo, pesa zinahama mara moja kutoka mkono huu kwenda ule. Mvumo ni kelele za wote wawili kwa pamoja, kwa hivyo haufui dafu. Picha ni tofauti kati yao, kwa hivyo inapita.

Kwa haki, mtaalamu wa fiziolojia Bryan Matthews alikuwa amechapisha mwaka 1934 saketi inayokaribiana na hii, akitafuta kupima umeme mdogo mno wa mwilini. Lakini ombi la hataza la Blumlein la mwaka 1936 ndilo linaloonyesha jozi hiyo ikiwa kamili. Baadaye vali zikageuka transista, transista zikaingia kwenye chipu, na jozi ikabaki pale pale mlangoni.

Sasa utaniuliza, kama jozi imo ndani ya amplifaya yangu, mbona sabufa bado inavuma? Swali zuri. Kwa sababu kebo tunazotumia nyumbani, zile za rangi nyekundu na nyeupe zenye kichwa kimoja kinachochomoza, hazina pacha. Zina waya mmoja wa sauti, na ganda lake la nje ndilo njia ya kurudi. Hebu sema umechomeka runinga soketi ya ukuta huu na amplifaya soketi ya ukuta ule, zote zikiwa na waya wa ardhi. Hilo ganda linaunganisha ardhi mbili zisizolingana kabisa, umeme kidogo unazunguka kama maji kwenye mfereji, na mzunguko huo unachanganyika na sauti kabla haujafika kwa jozi ya Blumlein. Mlinzi hawezi kumzuia mwizi aliyeingia akiwa amevaa nguo za mwenye nyumba.

Kumtafuta mwizi huyo ni kazi ya kulinganisha tu. Zungusha sauti hadi chini kabisa. Mvumo ukibaki vile vile, uko ndani ya amplifaya yenyewe, mara nyingi ni kapasita kubwa za upande wa stima zilizochoka; huo huwa na mlio mkali zaidi, mara 100 kwa sekunde, na hiyo ni kazi ya fundi kwa sababu kapasita hizo hubaki na umeme hata ukichomoa plagi. Mvumo ukipanda na kushuka pamoja na sauti, unaingia kutoka nje. Chomoa kebo za runinga, laptopu na simu moja baada ya nyingine. Ile ambayo ikitoka kimya kinaingia, ndiyo hiyo. Mara nyingi dawa ni kuchomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Kuna wale wa mtaani wanaokuambia ukate mguu wa ardhi kwenye plagi. Usikubali. Mvumo utaisha kweli, lakini huo mguu ndio unaokuokoa siku waya wa stima ukigusa bati la amplifaya.

Na ukiangalia kebo za maikrofoni kanisani au kwenye jukwaa la tamasha, utaona zina pini tatu. Mbili ni za sauti, moja ni ya ganda. Zile mbili ndizo nyaya pacha. Zinaweza kuvutwa kutoka jukwaani hadi kwa fundi mitambo kule nyuma ya umati, zikipita juu ya nyaya za taa, na bado sauti ikafika safi.

Mwaka 1937 Blumlein aliandika pia hataza ya amplifaya yenye namna mpya ya kuunganisha vali na transfoma ya kutolea sauti, inayopunguza upotoshaji. Wamarekani wawili, Hafler na Keroes, waliipa umaarufu mwaka 1951, na hadi leo wapenzi wa amplifaya za vali wanaisifu. Nje ya kazi, alipenda kurusha ndege ndogo.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, EMI ilielekezwa kwenye rada. Mwaka 1942 Blumlein alikuwa kwenye kazi ya siri iliyoitwa H2S, rada ya kubebwa na ndege ambayo ingemwonyesha rubani ardhi iliyo chini yake usiku, hata kukiwa na mawingu. Si kazi ya kusifiwa bila kufikiri. Rada hiyo ndiyo iliyokuja kuwaongoza marubani wa Uingereza kudondosha mabomu juu ya miji ya Ujerumani, na walioishi kwenye miji hiyo hawakuwa wanajeshi peke yao.

Jumapili, Juni 7, 1942, Blumlein alipanda ndege aina ya Halifax, nambari V9977, kwenda kuijaribu H2S angani. Alikuwa na wenzake wawili wa EMI, Cecil Browne na Frank Blythen, pamoja na wanasayansi wengine na wanahewa. Wakiwa njiani kurudi, injini moja ya upande wa kulia ilishika moto. Moto ukala bawa. Ndege ilianguka karibu na kijiji cha Welsh Bicknor, kando ya mto Wye. Watu wote 11 walikufa.

Uchunguzi ulifanywa, na matokeo yake yanaumiza ukiyasoma. Chanzo kilikuwa nati moja. Injini ilikuwa imekaguliwa saa chache kabla ya ajali, na nati hiyo ndogo kwenye mtambo wa vali za injini haikukazwa vizuri. Ililegea taratibu angani, vali ikagonga pistoni, ikavunjika, na mafuta yakashika moto. Mtu aliyetumia maisha yake kuwinda hitilafu zisizoonekana aliuawa na hitilafu ambayo spana ingeimaliza.

Ripoti ilisambazwa kwa watu wachache tu. Serikali haikutaka Wajerumani wajue kwamba Uingereza ilikuwa imepoteza vichwa vya mradi wa H2S, kwa hivyo kifo cha Blumlein hakikutangazwa kwa karibu miaka 3. Doreen alibaki na wavulana wawili, Simon na David. Alikuwa mjane wa mtu ambaye magazeti hayakuruhusiwa kumtaja.

Kufichwa huko kulikuwa na gharama. Vita vilipokwisha, dunia ilikuwa na mashujaa wengi wa kuwaimba, na huyu wa Hayes hakuwa kwenye orodha. Mwaka 1958 santuri za stereo zilipoingia madukani kwa kishindo, zilifuata mtindo ulioletwa sokoni na Westrex, kampuni iliyozaliwa ndani ya Western Electric: ukuta mmoja wa mfereji kwa sauti ya kushoto, mwingine kwa ya kulia. Ulikuwa ni ule ule wa mwaka 1931. Muda wa hataza ya Blumlein ulikuwa umeshakwisha.

Aliacha hataza 128 kutoka kazi ya miaka 18, karibu moja kila baada ya miezi miwili. Mwaka 1977 kibao cha buluu kiliwekwa kwenye nyumba aliyoishi, Ealing, London. Vitabu kamili vya maisha yake havikutoka hadi karibu na mwaka 2000. Mwaka 2015 shirika la wahandisi la IEEE liliweka kibao kingine Abbey Road, na mwaka 2017, miaka 75 baada ya ile ndege kuanguka, akapewa Grammy ya ufundi.

Zile filamu za majaribio za mwaka 1935 bado zipo na zimesafishwa. Ukizipata, vaa hedifoni. Ile ya treni ni nzuri, lakini tafuta ile nyingine. Picha ni ya rangi nyeusi na nyeupe, jukwaa tupu, na wanaume wanatembea kutoka upande mmoja hadi mwingine wakizungumza mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Sauti zao zinawafuata.